Jaa Lisilolala: Takataka za Nyumbani Matasia na Mabadiliko ya Tabianchi

Utangulizi

Matasia ni makazi yaliyo kando ya barabara itokayo Ngong kuelekea Kiserian, katika Kaunti ya Kajiado, chini ya miteremko ya mashariki ya Milima ya Ngong. Miongo michache iliyopita sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa malisho ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Wamaasai. Siku hizi imekatwakatwa kuwa vipande vya futi hamsini kwa mia, na juu ya vipande hivyo pamejengwa nyumba za wenyewe, nyumba za kupanga, maduka, shule na makanisa. Wengi wa wakazi wake hufanya kazi Nairobi na kurejea jioni kwa matatu za nambari 111 zinazofika Ngong. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2009, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840. Hili ni ongezeko la zaidi ya asilimia 60 kwa muda wa miaka kumi tu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imo katika miji inayopakana na Nairobi: Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na vitongoji vyake, Matasia ikiwemo.

Watu wanapoongezeka, maganda ya viazi nayo huongezeka. Jambo hili huonekana dogo mno kutajwa pamoja na mabadiliko ya tabianchi, ambayo aghalabu huhusishwa na viwanda vya Ulaya, Marekani na Uchina, visima vya mafuta na magari mengi. Hata hivyo, ganda la kiazi lina njia yake ya kuliongeza joto la dunia, na njia hiyo haifahamiki kwa wengi wanaolitupa. Makala haya yanakusudia kuieleza njia hiyo kwa kuitazama Matasia na miji jirani yake, kisha kupima ni lipi kati ya mambo yanayofanyiwa taka linalopunguza madhara na ni lipi linaloyahamisha tu kutoka mbele ya macho.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno lenyewe lina utani wake. Taka, likiwa kitenzi, ni kuhitaji kitu. Taka, likiwa nomino, ni kile ambacho hakihitajiki tena. Nalo jaa, mahali pa kutupia taka, lina sauti moja na kitenzi cha kufurika. Lugha haikukusudia mzaha huo, lakini majaa ya Afrika Mashariki yameutimiza. Jaa la Dandora jijini Nairobi lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na zaidi ya miaka ishirini baadaye malori yalikuwa yangali yanamwaga taka humo.

Yanayotendeka ndani ya jaa

Takataka za nyumba ya kawaida katika miji ya Kenya si karatasi wala chupa kwa wingi wake. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, vikonyo vya sukuma wiki, majani ya nje ya kabichi, makombo ya ugali na wali, majani ya chai, maganda ya mayai. Vitu hivi vyote vina kaboni ambayo mmea uliivuta kutoka hewani ulipokuwa shambani. Vikiozea mahali penye hewa ya kutosha, viumbe vidogo vinavyotumia oksijeni huvila na kuirejesha kaboni ile hewani ikiwa kaboni dayoksaidi. Hapo hesabu huwa imefungwa, kwani kilichochukuliwa hewani miezi michache nyuma kimerudi hewani kikiwa vile vile.

Mambo hubadilika taka zinaporundikwa. Lori likimwaga shehena juu ya shehena ya jana, uzito wa taka za juu huzishindilia zile za chini, na oksijeni iliyokuwa katikati yake huisha upesi. Viumbe vya kwanza hufa au hulala. Nafasi yao huchukuliwa na aina nyingine ya vijiumbe, vya kale sana katika historia ya uhai, ambavyo haviwezi kustahimili oksijeni hata kidogo. Hivi navyo hula maganda yale yale, lakini gesi inayotoka huwa takriban nusu kaboni dayoksaidi na nusu methani. Kaboni iliyoazimwa hewani hurudi ikiwa na umbo jingine. Ni kama mtu aliyeazima shuka jepesi akarudisha blanketi zito, na anayefunikwa ni dunia nzima.

Uzito wa blanketi hilo umepimwa. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huzuia joto mara 28 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kipindi kikifupishwa kuwa miaka 20, tofauti hiyo hufikia takriban mara 80, kwa sababu methani hukaa angani kwa muda wa miaka 12 hivi kabla ya kuvunjika, ilhali kaboni dayoksaidi hudumu kwa karne nyingi. Ufupi huu wa maisha ya methani una pande mbili. Unaifanya iwe kali sasa hivi, na pia unamaanisha kwamba ikipunguzwa leo nafuu yake huonekana katika umri wa mtu mmoja, si kwa wajukuu tu. Ndiyo sababu katika mkutano wa Glasgow wa mwaka 2021 nchi nyingi ziliahidi kupunguza kwa pamoja methani itokanayo na shughuli za binadamu kwa asilimia 30 kufikia mwaka 2030, zikilinganisha na kiwango cha mwaka 2020.

Ni kiasi gani hutoka katika nyumba moja? Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, ukilinganishwa na wastani wa dunia wa kilo 0.74. Tuchukue nyumba ya watu wanne. Kwa mwaka hutoa kilo 670 hivi. Tukisema kwa tahadhari kwamba nusu ni za kuoza, zipo kilo 335. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa linalohusika na tabianchi, IPCC, lina kanuni za kukadiria methani kwa nchi zisizo na vipimo vyake zenyewe. Kwa kanuni hizo, kilo moja ya mabaki ya chakula iliyozikwa katika jaa lenye kina cha zaidi ya mita tano hutoa gramu 40 hivi za methani. Nyumba yetu basi hutoa kilo 13 na ushei za methani, sawa na kilo 375 hivi za kaboni dayoksaidi. Gari la petroli lingehitaji kuchoma zaidi ya lita 160 ili lifikie hapo. Wengi wa wanaotoa kiasi hicho hawana gari.

Idadi ikizidishwa, sura ya jambo hubadilika. Sensa ya 2019 iliihesabia Ngong watu 102,323 na Ongata Rongai watu 172,569. Kwa wastani ule ule, miji hii miwili hutoa zaidi ya tani 120 za taka kwa siku. Lau nusu yake inayooza ingefikishwa yote katika jaa lenye kina kirefu, kila siku ingeacha deni la methani linalokaribia athari ya kuchoma lita 30,000 za petroli. Haifiki yote, bila shaka. Nyingi huishia katika mitaro, katika mashimo ya ua na katika moto, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ya kutatanisha zaidi.

Moshi wa jioni

Sheria ya Kenya haikosi kulitaja jukumu hili. Kabla ya mwaka 2013, kuzoa taka Ngong, Matasia na Kiserian kulikuwa kazi ya Baraza la Kaunti ya Olkejuado. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, na serikali hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa utaratibu uliozoeleka, hata hivyo, mwenye nyumba wa Matasia humlipa mzoaji wa kibinafsi au kikundi cha vijana wenye mkokoteni au lori, ambao hupita mara moja kwa wiki. Asiyelipa huchimba shimo kwenye kona ya kiwanja na kutia kiberiti kila linapojaa. Jioni zisizo na upepo, moshi huo hulala juu ya paa za mabati ukiwa na harufu ya plastiki, na watu hufunga madirisha.

Anayechoma huamini kwamba ameimaliza taka, na kwa upande wa methani hakosi kabisa, kwa maana kilichoungua hakiwezi kuoza. Lakini moto wa shimoni ni moto hafifu. Mabaki ya chakula yana maji mengi, hayashiki vizuri. Yanayoungua ni karatasi na plastiki, huku maganda yakibaki chini yakiwa yamebabuka nusu. Plastiki ni tofauti na ganda la ndizi kwa jambo moja la msingi: kaboni yake haikutoka hewani mwaka jana, ilitoka katika mafuta yaliyokuwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Kilo moja ya polithini ikiungua kabisa hutoa kilo tatu hivi za kaboni dayoksaidi, na hiyo ni kaboni mpya katika hewa. Isipoungua kabisa, hutoa kaboni monoksaidi na masizi. Masizi hayo meusi hayakai angani zaidi ya siku au majuma machache, lakini yakiwa huko hufyonza miale ya jua na kuipasha hewa joto. Aina nyingine za plastiki, hasa zile za mabomba na nyaya, hutoa dayoksini, sumu inayobaki katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Mama anayepika uani na mtoto anayecheza karibu na shimo huipata hasara hiyo kabla ya tabianchi kuipata.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017 ilipunguza mengi ya hayo. Wafugaji wa Kajiado waliipokea kwa sababu zao wenyewe, kwani mabunda ya mifuko yalikuwa yakikutwa matumboni mwa ng'ombe machinjioni. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa amelipigia kelele suala la mifuko hiyo zaidi ya mwongo mmoja kabla, wakati ambapo wengi waliliona kuwa suala la urembo wa miji. Lakini marufuku haikugusa pakiti za maziwa, vifungashio vya mkate na vitambaa vya watoto vya kutupwa, ambavyo ndivyo vinavyoonekana leo katika mashimo ya kuchomea.

Fumbo la jaa la kisasa

Taka zinazozolewa katika sehemu hii zilipelekwa kwa miaka mingi katika jaa la Ngong, karibu kabisa na mji. Wakazi wamelalamikia moshi, harufu na maji meusi yanayochuruzika wakati wa mvua. Dai lao limekuwa moja: liondolewe. Ni dai la haki. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Uchunguzi uliofadhiliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) huko Dandora mwaka 2007 uliwapima watoto 328, na nusu yao wakapatikana na kiasi cha risasi katika damu kilichozidi kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Mtu anayejua hayo hawezi kumwambia jirani wa jaa avumilie.

Swali ni kinachofuata baada ya kuondolewa. Jibu la viongozi wengi wa miji ya Afrika Mashariki ni jaa la kisasa: shimo kubwa lililotandikwa plastiki chini, taka zikashindiliwa kwa mashine na kufunikwa udongo kila siku. Jaa kama hilo halina moshi, halina kunguru, wala halichafui visima. Kwa macho na kwa pua, ni usafi mtupu. Kwa tabianchi, linaweza kuwa baya zaidi kuliko lile la zamani.

Fumbo hili linajifumbua mtu akikumbuka yale vijiumbe hufanya. Kadiri taka zinavyoshindiliwa na kufunikwa vizuri, ndivyo oksijeni inavyokosekana, na ndivyo methani inavyoongezeka. Kanuni za IPCC zinalionyesha waziwazi. Kilo moja ya mabaki ya chakula katika rundo la kina kifupi, lililotawanyika ovyo, hukadiriwa kutoa gramu 20 za methani. Katika jaa ovyo la kina kirefu, gramu 40. Katika jaa la kisasa lililoshindiliwa na kufunikwa barabara, gramu 50. Kwa maneno mengine, serikali inaweza kutumia mamilioni kuhamisha taka kutoka jaa lililotawanyika hadi jaa safi, ikaongeza gesi zaidi ya maradufu. Kinachogeuza hesabu hiyo ni mabomba ya kuinasa gesi na kuichoma au kuitumia. Mabomba hayo ni ghali, huhitaji mtu wa kuyatunza kwa miongo kadhaa, na ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapopungua.

Ipo njia ya katikati isiyosemwa sana. Katika miaka ya 1970 mji wa Fukuoka nchini Japani, ukishirikiana na chuo kikuu cha huko, ulibuni jaa lenye mabomba mapana yaliyotobolewa chini ya taka. Maji machafu hutoka kwa mabomba hayo, na hewa huingia kupitia humo humo, ikivutwa na joto la taka zenyewe. Hakuna mashine. Kwa kuwa hewa imepenya, methani hukadiriwa kuwa nusu ya ile ya jaa la kisasa la kawaida. Mbinu hii imejaribiwa nchini Kenya katika jaa la Kang'oki mjini Thika, kwa msaada wa shirika la UN-Habitat, na wakati mwingine mabomba yenyewe yanaweza kubadilishwa kwa mianzi na mapipa makuukuu. Ikiwa Kajiado itajenga jaa jipya, hili lingestahili kutazamwa kabla ya michoro ya gharama kubwa.

Kufunga jaa nako hakuzimi kitu papo hapo. Taka zilizozikwa huendelea kuoza, kwa kasi mahali penye mvua nyingi na polepole mahali pakavu. Katika nchi kavu kama sehemu kubwa ya Kajiado, mabaki ya chakula yanaweza kuchukua karibu miaka minane kufikia nusu tu ya kuoza kwake. Jaa la Kibarani, kando ya barabara ya kuingilia kisiwa cha Mombasa, lilifungwa mwaka 2018 na mahali pake pakapandwa miti na nyasi. Mpita njia hulisifu, na ni haki yake, ingawa chini ya nyasi kazi ya vijiumbe haikusimama siku ile. Nako Kampala, jaa la Kiteezi lililofunguliwa mwaka 1996 liliendelea kupokea taka hata lilipokuwa limefurika, hadi sehemu yake ikaporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuwaua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi chini yake. Mlima wa taka ulioloa una gesi na maji ndani; mvua kubwa ikija, si tabianchi pekee inayohatarishwa.

Machinjio ya Kiserian

Mfano wa njia nyingine haumo mbali. Kilomita chache kutoka Matasia, mjini Kiserian, machinjio ya Keekonyokie yanayomilikiwa na wafanyabiashara wa Kimaasai yaliamua kutumia damu na mavi ya matumboni mwa mifugo kutengeneza biogesi. Mabaki hayo hapo awali yalikuwa kero, kwani yaliingia katika mkondo wa maji na kuleta malalamiko. Yalipoingizwa katika tangi lililofungwa, vijiumbe vile vile vinavyofanya kazi jaani vilitoa methani ile ile, ila safari hii ikiwa ndani ya bomba. Ilipochomwa kupasha maji na kuzalisha umeme, iligeuka kaboni dayoksaidi itokanayo na nyasi, ambayo haiongezi kitu kipya hewani. Wenye machinjio walifika hatua ya kujaribu kuishindilia gesi hiyo katika mitungi na hata katika mipira ya magurudumu ili wauzie majirani.

Tofauti kati ya Keekonyokie na jaa la Ngong, basi, si ya sayansi. Ni ya kifuniko, na ya kilichoingizwa ndani. Machinjio yana bahati moja ambayo nyumba hazina: uchafu wake ni wa aina moja. Hakuna anayetupa betri, wembe au chupa iliyovunjika katika tumbo la ng'ombe. Biogesi na mboji hukataa mchanganyiko, na mchanganyiko ndio tabia ya pipa la nyumbani.

Mboji ndiyo inayofaa zaidi nyumba nyingi za Matasia, kwa kuwa bado zina ua. Shimo la kina kifupi au boksi la mbao, maganda ya jikoni yakichanganywa na majani makavu na samadi kidogo, kisha kugeuzwa kila baada ya siku kadhaa ili hewa iingie, hutoa mbolea kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kwa kanuni za IPCC, kilo moja ya taka zinazotengenezwa mboji hutoa gramu 4 za methani, moja ya kumi ya ile ya jaa lenye kina kirefu, pamoja na kiasi kidogo sana cha nitrasi oksaidi, gesi nyingine yenye nguvu ya kuzuia joto. Tukirejea kwa nyumba yetu ya watu wanne, kilo 375 za awali hushuka hadi 60 hivi. Rundo lisipogeuzwa, nafuu hiyo hupungua, kwa sababu katikati yake huwa jaa dogo. Harufu ya yai viza ndiyo ishara kwamba hewa imekosekana humo.

Inafaa kusema bila kificho kwamba sekta ya taka ni sehemu ndogo ya gesi zinazotolewa na Kenya. Kilimo na mifugo huzidi kwa mbali, na Mkenya wa kawaida hutoa gesi chache mno akilinganishwa na mwenzake wa nchi tajiri. Juu ya Milima ya Ngong yenyewe ipo mitambo ya upepo ya kampuni ya KenGen, iliyoanza kwa mitambo michache mwaka 1993 na kufikia uwezo wa megawati 25.5, ambayo hutoa umeme bila moshi juu ya mji uliozoea kuchoma taka. Kwa nini basi mkazi wa Matasia ajisumbue na maganda? Sababu mojawapo imeandikwa katika ardhi ya kaunti yake. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mapema mwaka 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika maeneo kame ya Kenya, na mifugo ya Kajiado ilikufa kwa maelfu. Mwaka uliofuata, kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yaliwaua watu karibu 300 nchini. Anayepata hasara hizo si aliyezisababisha zaidi, na hilo ni dhuluma. Lakini dhuluma hiyo haiifanyi methani ya jirani kuwa baridi. Sababu nyingine ni rahisi zaidi: kile kinachopunguza methani ndicho kinachopunguza harufu, moshi, nzi na maji meusi. Hata asiyejali tabianchi anapata faida yake wiki ile ile.

Lori moja

Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka mwaka 2022. Sheria hiyo inataka taka zitenganishwe zinapotoka, zinazooza upande wake na zisizooza upande wake, katika mapipa yenye rangi na alama tofauti, na inazitaka kaunti ziwe na mahali pa kuchambulia na kurejeleza taka. Katika karatasi, hili ndilo jibu sahihi. Linaondoa maganda kabla hayajakutana na plastiki, yaani kabla tatizo halijazaliwa.

Tatizo linazaliwa tena mlangoni. Mama wa nyumba akinunua mapipa mawili, akawafundisha watoto ganda liende wapi na chupa iende wapi, kisha Jumamosi lori likaja na mzoaji akamwaga mapipa yote mawili katika shehena moja, kazi ya wiki nzima huisha kwa sekunde chache. Wiki ya tatu mama huyo hana tena sababu ya kutenganisha, na hakuna mhadhara utakaomrudisha. Kutenganisha nyumbani bila kutenganisha garini ni kama kuteka maji kwa gunzi. Mzoaji naye si mtu mbaya. Analipwa kwa nyumba, si kwa uzani wala kwa aina, na safari moja zaidi kwenda jaani ni petroli inayotoka mfukoni mwake.

Wapo waliofanikiwa kulivuka hili. Jijini Nairobi, kampuni ya TakaTaka Solutions, ambayo haikuona haya kujiita kwa jina la bidhaa yake, imekuwa tangu mwaka 2011 ikizoa, kuchambua na kutengeneza mboji. Uzoefu wa aina hiyo unaonyesha kwamba kinachohitajika si lazima kiwe lori la pili. Taka zinazooza ndizo zinazonuka. Hizo haziwezi kungoja zaidi ya siku mbili tatu. Chupa, makopo na karatasi zinaweza kukaa mwezi mzima kwenye gunia kavu bila kumsumbua mtu. Kikundi kinachopita mara moja kwa wiki na kuzoa vyote pamoja kingeweza kupita mara mbili kwa wiki na mkokoteni mmoja kwa maganda peke yake, hadi kwenye kiwanja cha mboji kilicho hapo hapo Matasia, na mara moja kwa mwezi na lori kwa yale makavu, ambayo wanunuzi wa vyuma na plastiki huyalipia. Umbali wa kwenda jaani ungepungua, na pamoja nao gharama ya mafuta.

Nyumba za ghorofa za kupanga, zisizo na ua wala kona ya boksi la mbao, zingetegemea kabisa mkokoteni huo wa mara mbili kwa wiki. Humo pipa la maganda huwekwa chini ya ngazi, na anayeamua kama litabaki safi ni mlinzi wa ploti, ambaye kwa sasa halipwi chochote kwa kazi hiyo.